Deni Tunalolikopa Barabarani

 Leo, Jumapili, twapenda kuzungumza hasa na ninyi mlio safarini, na pamoja nanyi kila mtu mwenye gari, au aliyewahi kuazima gari, au aliyewahi kumwazima mwenzake. Jambo lenyewe laonekana dogo, wala halisikiki mara nyingi katika mahubiri. Mtu ameegesha gari lake mahali panaporuhusiwa, akalifunga, akaenda zake. Anaporudi analikuta limegongwa. Aliyeligonga yupo, hakukimbia. Ila hana bima. Itakuwaje?

Tuchukue mfano, kwa kuwa jambo lisilo na sura hatulioni sawasawa. Mwalimu wa shule ya msingi, katika mji wowote wa pwani yetu ya Kenya, ameliacha gari lake dogo kando ya barabara iliyo karibu na soko. Kijana mmoja aliyeleta mboga kwa pikapu anarudi nyuma kwa haraka, na kona ya pikapu inaingia ubavuni mwa gari la mwalimu. Mlango wa nyuma umebonyea, madigadi imepinda, taa ya nyuma imevunjika vipande vipande. Pikapu si ya kijana, ni ya mjomba wake. Bima yake ilikwisha miezi miwili iliyopita, na fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya bima zilinunua matairi.

Watu wanakusanyika, kama ilivyo desturi yetu. Kijana anasema, "Mwalimu, nisamehe, sikukusudia." Mzee mmoja anadakia, "Msamehe, mwalimu, huyo ni mwanao." Mwingine, pengine aliyewahi kugongewa lake, anapiga kelele kwamba kijana anyang'anywe ufunguo na apigwe kidogo ili ashike adabu. Mwalimu amesimama katikati yao na mkoba wa daftari mkononi. Hajasema neno.

Ndugu wasikilizaji, tuanze na sauti ya yule mzee, maana ndiyo inayofanana zaidi na sauti ya dini, na kwa sababu hiyo yatupasa kuichunguza. Mzee amesema vema kwamba tusameheane. Lakini mlango uliobonyea si wake. Ni rahisi mno kusamehe kwa mkoba wa mwenzako! Gari lile mwalimu analilipia mkopo kila mwezi katika mshahara wake. Ndilo linalompeleka mama yake kliniki, na ndilo linalowafikisha watoto watatu wa jirani shuleni. Umati unapomtaka asamehe papo hapo, kabla hata ya kujua hasara ni shilingi ngapi, haumwombi msamaha. Unamwomba anyamaze ili watu warudi sokoni kuuza na kununua. Msamaha ni wa mwenye kudai, naye hutoa akijua anachokitoa. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, yule bwana aliyemwachilia mtumishi wake deni kubwa alikuwa amekwisha kufanya hesabu. Deni lilitajwa kwanza, ndipo likafutwa.

Kwa hiyo tusimlaumu mwalimu akisema, "Kijana wangu, nimekusamehe moyoni, lakini gari hili litatengenezwa, na wewe na mjomba wako ndio mtakaolitengeneza." Maneno hayo mawili hayapingani. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni machozi.

Sasa tulitazame kosa lenyewe. Kurudi nyuma bila kuangalia ni kosa la nukta moja, na dereva mwema aweza kulifanya siku ya kuchoka. Kukosa bima si kosa la namna hiyo. Ni uamuzi, na katika mfano wetu ni uamuzi uliofanywa upya kila asubuhi kwa muda wa miezi miwili, kila pikapu ilipowashwa. Hapo hatuwezi kuita ajali. Anayeingia barabarani bila bima, naye hana akiba ya kulipia hasara atakayoileta, amekwisha kukopa kwa kila mtu atakayempita: kwa mwenye mkokoteni, kwa mama anayevuka na mtoto mgongoni, kwa mwalimu aliyeegesha. Amewakopa wote bila kuwauliza. Siku nyingi deni hilo halidaiwi kwa sababu hakuna kilichotokea, naye hudhani kwamba hana deni.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinalijua jambo hili ijapokuwa hakikujua magari. Kinamtaja mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe wa jirani akatumbukia. Hakukusudia kumwua ng'ombe. Hata hivyo analipa, kwa sababu alijua kwamba shimo liko wazi naye hakulifunika. Pikapu isiyo na bima ni shimo lisilofunikwa, tena lenye magurudumu.

Sheria ya nchi nayo haikukaa kimya. Sheria ya Kenya ya bima ya magari kwa hatari zinazowapata watu wengine, yaani Sura ya 405, yakataza mtu kuendesha, na hata kumruhusu mwingine kuendesha, gari lisilo na bima hiyo. Angalieni neno hilo la pili: kumruhusu mwingine. Mjomba aliyekuwa amelala nyumbani yumo ndani ya kosa pamoja na mpwa wake. Lakini hapa yatupasa kusema jambo ambalo wengi hawalijui. Bima inayolazimishwa na sheria hiyo ni ya kifo na majeraha ya mwili wa binadamu. Mabati hayamo. Ni kweli kwamba kampuni nyingi, katika bima ile ndogo ya mtu wa tatu, huongeza fidia ya mali ya watu wengine hadi kiwango kilichoandikwa katika mkataba; lakini wangapi kati yetu wamewahi kuusoma mkataba huo? Tunaukunja na kuutia katika kisanduku cha gari pamoja na risiti za petroli.

Tena mtu asidhani kwamba faini itamrudishia mwalimu mlango wake. Kijana akishitakiwa na kutozwa faini, fedha hizo huenda Serikalini. Fidia ni shauri jingine, nalo lina njia yake.

Njia hiyo huanza pale pale barabarani, na huanza kwa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla magari hayajasogezwa, mwalimu apige picha kwa simu yake: gari lake lilivyokaa, pikapu ilivyokaa, nambari za usajili za yote mawili, na ile taa iliyovunjika chini. Aandike jina la kijana, nambari yake ya kitambulisho na ya leseni, nambari ya simu, na jina la mwenye gari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 73, yamlazimu dereva aliyesababisha hasara kusimama na kutoa jina na anwani yake, na ya mwenye gari pia, akitakiwa. Na asipoyatoa, lazima apige ripoti polisi mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 24. Kwa hiyo kijana asione kwamba ametukanwa anapoulizwa. Kisha mwalimu achukue majina ya wawili walioona, kwa mfano yule mama anayeuza madafu, ambaye hakupiga kelele yoyote lakini aliona tangu mwanzo. Halafu waende kituo cha polisi pamoja, jambo liandikwe katika kitabu cha matukio, na mwalimu apate ile hati ambayo sote huiita abstrakti. Pasipo hati hiyo hata bima yake mwenyewe haitamsikiliza.

Hapo kituoni patakuwa na majaribu. Mjomba akifika aweza kusema, "Afande, haya ni mambo ya nyumbani," akautia mkono mfukoni. Tusiseme zaidi juu ya hilo. Kila msikilizaji ameelewa. Lakini kuna majaribu mengine ambayo huja yamevaa nguo za hekima. Rafiki wa mjomba anajua wakala ambaye aweza kuandika bima leo ikaonekana ilianza juma lililopita. Rafiki wa mwalimu naye anamnong'oneza: "Sema uligongwa na gari la shemeji yako, lile lenye bima, nao watalipa, kampuni haina machozi." Wapenzi, kampuni haina machozi, ni kweli, lakini fedha yake si ya kampuni. Ni ada za watu wengi waliolipa kwa uaminifu, na kati yao yumo mjane mwenye teksi moja anayetafuta ada hiyo kila mwaka kwa jasho. Uongo huo huchota mfukoni mwake. Tena kijana aliyekuwa na deni la mlango mmoja sasa ana deni la kosa la jinai, na mwalimu amemfundisha somo ambalo hatapenda siku moja kulisikia likirudiwa na wanafunzi wake.

Na mwalimu mwenyewe, ana bima gani? Akiwa na ile kubwa, inayofidia hata gari lake mwenyewe, aiarifu kampuni yake bila kukawia, hata kama anatumaini kwamba kijana atalipa. Mikataba mingi yataka hivyo. Kampuni itatengeneza, lakini sehemu ya kwanza ya gharama, kwa kiasi kilichotajwa katika mkataba, ataibeba mwenyewe, na pengine atapoteza punguzo alilokuwa akilipata kwa miaka aliyokaa bila kudai. Baada ya kumlipa, kampuni husimama mahali pake na kuwa na haki ya kumdai aliyegonga. Kwa sababu hiyo asitie sahihi karatasi yoyote ya kusema "tumemalizana" kabla hajazungumza na bima yake. Angekuwa ameitoa haki ambayo si yake peke yake, na kampuni yaweza kukataa kumlipa. Huruma ya haraka ya namna hii imewagharimu watu wengi. Lakini ikiwa mwalimu naye ana ile bima ndogo tu, kama walivyo wengi wetu, hakuna kampuni itakayolinyoosha gari lake. Amebaki yeye, kijana na mjomba, na Mungu juu yao.

Ni hapo tunapotaka kukaa kidogo.

Mwalimu amekwenda gereji mbili, wala si moja, akapata makadirio ya maandishi. Tuseme hasara ni shilingi 38,000 kwa kunyoosha, kupaka rangi na taa mpya. Fundi, akitaka kumpendeza, anamwambia, "Mwalimu, na ule mkwaruzo wa upande wa kulia tuutie humo humo?" Mkwaruzo huo ni wa mwaka juzi. Shilingi 6,000 tu. Nani atajua? Hapa, wapenzi, aliyedhulumiwa anaalikwa kuwa mwenye kudhulumu, na mwaliko huo ni mtamu kwa sababu ana haki katika mengine yote. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne alichokitoza kwa hila. Mwalimu asijitie katika hesabu ya Zakayo kwa ajili ya mkwaruzo. Adai shilingi 38,000, wala asidai moja zaidi.

Adai kwa nani? Kijana ndiye aliyegonga. Lakini alikuwa akipeleka mboga za mjomba, kwa pikapu ya mjomba, kwa agizo la mjomba. Sheria humtambua aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwenye gari huwajibika kwa kosa la dereva aliyemtuma katika shughuli zake. Mjomba atasema, "Mimi sikuwepo." Kweli hukuwepo, baba, lakini matairi yale ni wewe uliyeyanunua kwa fedha ya bima. Twasema haya kwa heshima, kwa maana tunawajua wajomba wengi wanaohangaika. Biashara ya mboga haina faida kubwa, na ada ya bima hufika wakati uleule wa karo. Shida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo haikuwa halali kuihamisha shida hiyo kimyakimya na kuiweka juu ya mlango wa mwalimu.

Na sasa namna ya kudai. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, lina maagizo mawili yanayotushangaza kwa upole wake. Mwenye kudai hakuruhusiwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa kujichagulia rehani. Alitakiwa kungoja nje mpaka mdaiwa amtolee mwenyewe. Tena alikatazwa kutwaa jiwe la kusagia, kwa kuwa jiwe hilo ndilo linaloilisha nyumba. Deni halikufutwa, bali liliwekewa mipaka ili aliye nalo abaki mtu, na abaki na njia ya kulilipa. Yule aliyetaka kijana anyang'anywe ufunguo hakufikiri jambo hili. Pikapu ikifungiwa uani kwa mwalimu, mboga zitaoza, na deni litalipwa kwa nini? Ajabu ni kwamba sheria yetu ya mwenendo wa kesi za madai, Sura ya 21, katika kifungu cha 44, nayo yakataza kukamatwa kwa zana ambazo mdaiwa anazihitaji kwa kazi yake, pamoja na vyombo vyake vya kupikia na matandiko yake. Jiwe la kusagia bado linalindwa.

Basi wakae chini, si barabarani mbele ya umati, bali nyumbani kwa mtu wanayemheshimu wote, na waandike. Shilingi 8,000 zilipwe sasa, na shilingi 5,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi sita. Mjomba atie sahihi pamoja na kijana. Zile 8,000 za kwanza zinunue taa ya nyuma na kunyoosha madigadi inayokwaruza gurudumu, kwa kuwa gari lisilo na taa usiku ni shimo jingine lisilofunikwa, na mwalimu asije akawa mchimbaji wake. Mlango uliobonyea waweza kungoja. Hauumizi mtu isipokuwa macho.

Ikiwa hawataki kuandika, au wakiandika na kisha wakazima simu, mwalimu asione haya kwenda mahakamani. Wakristo wengi hudhani kwamba kushitaki ni kukosa upendo. La hasha! Kwenda mbele ya mwamuzi ni kukubali kwamba wewe mwenyewe si mwamuzi. Kenya ilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama hizo zilianza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya hasara ya mali. Mtu aweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Na sheria yataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kwanza amwandikie mdaiwa barua ya kumtaka alipe na kumpa muda. Wala asikawie mno kwa kuona aibu, maana madai ya namna hii hufungiwa mlango baada ya miaka mitatu.

Lakini tuseme mambo yamekwenda vema. Kijana amelipa mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwezi wa nne mvua zimeharibu mboga, naye anakuja mwenyewe, kabla hajaitwa, na shilingi 2,000 mkononi badala ya 5,000. Hapa ndipo msamaha unapopata nafasi yake. Sasa mwalimu anajua deni ni kiasi gani, limepungua kiasi gani, na mtu aliye mbele yake ni mtu wa namna gani. Aweza kusema, "Zilizobaki za mwezi huu nimekuachia." Aweza pia kusema, "Ziongezwe mwezi wa saba," ikiwa mkopo wake mwenyewe unambana, wala hatakuwa ametenda dhambi. Hatupendi kumchagulia. Tunachojua ni kwamba akiachilia, ataachilia kitu chake, kwa hiari yake, na kijana atajua kwamba amepewa. Siku ile ya kwanza, katikati ya kelele za soko, asingejua, angedhani ameponyoka.

Tusimsahau na yule mzee aliyesema, "Msamehe." Paulo alipomwombea Onesimo kwa Filemoni hakuishia kusema, mpokee. Aliandika kwa mkono wake kwamba ikiwa Onesimo ana deni, liandikwe juu yake Paulo. Basi mzee wetu, aliyekuwa mwepesi wa kuomba kwa ajili ya kijana, aje na shilingi 500 mwezi ule wa mvua. Nao waliosimama pale wakitikisa vichwa, wakiwa ishirini tu, na kila mmoja akatoa 150, zile 3,000 zilizopungua zingepatikana kabla ya jua kutua. Kuna vyama vya akina mama katika mitaa yetu vinavyofanya hivyo kila juma kwa arusi na kwa misiba. Twauliza tu kama mlango uliobonyea hauwezi kuingia katika orodha yao.

Mjomba naye, tangu mwezi ule wa kwanza, awe amekwisha kukata bima. Wasikilizaji mlio barabarani hivi sasa, mtakapofika na kusimamisha gari, si kabla, litazameni cheti chenu na tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo. Ikiwa imepita, gari lilale hapo hapo. Kesho ni Jumatatu, na ofisi zitafunguliwa asubuhi.

Siku shilingi ya mwisho itakapolipwa, mwalimu aichukue ile karatasi, aandike chini yake kwamba amepokea zote 38,000, na zile alizoachilia azitaje kuwa ameziachilia. Atie sahihi na tarehe mbele ya kijana, kisha ampe nakala akaiweke kwa mjomba wake, ndani ya kisanduku cha pikapu, pamoja na bima mpya.